Ndoto zinazotimia, jicho la tatu na laki na nusu: jibu langu kwa dada wa Morogoro

Dada, nimesoma bandiko lako lote na majibu yaliyotangulia. Naona wengine wamekwambia una majini, wengine wamekwambia acha ujinga kalale. Mimi nimelelewa ndani ya mambo haya, kwa hiyo nivumilie kidogo kwa urefu.

Kwa anayeingia sasa hivi: dada anasema tangu utotoni huota jambo likatokea. Aliota msiba wa shangazi yake kabla haujatokea. Usiku mwingine hukabwa akashindwa hata kupiga kelele. Sasa kapatikana mtu mtandaoni anayemwambia ana kipaji kikubwa ila jicho lake la tatu limezibwa na ndugu, atume 150,000 lifunguliwe. Anauliza kama kipaji hicho kipo, kinakuzwaje, na mbona tangu aanze kufuatilia mambo ya kiroho furaha imemkimbia. Kuna na swali la kaka yake, hilo nitalimaliza mwisho.

Babu yangu mzaa mama, Pangani, alikuwa mpiga bao, yaani mpiga ramli. Hakuwa na bango wala kibuyu chenye shanga. Alikuwa na sinia la mchanga mwembamba na mkeka barazani. Mtu akija, babu anachoma mchanga kwa ncha ya kidole haraka haraka bila kuhesabu, mstari baada ya mstari. Halafu anafuta nukta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili, witiri au shufwa. Mistari minne inampa umbo moja, na maumbo yote yanayoweza kutoka ni 16, kila moja na jina lake na tabia zake. Elimu hii ya ramli ilikuja pwani na watu wa Uarabuni karne nyingi nyuma, ina vitabu, na babu alikuwa anavisoma kweli.

Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuleta kahawa, kwa hiyo nilikaa nikaona. Alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili, vipuli vyake vya dhahabu vimeibiwa, na kwa jinsi alivyokuwa anahema alishajua mwizi ni wifi yake. Alitaka jina tu. Babu akachoma mchanga, akafuta, akakaa kimya muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kisha akaanza kuuliza kidogo kidogo. Vipuli ulivivua lini? Ulikuwa unaoga au unatia udhu? Nani alikuwa na njaa siku hiyo pale nyumbani? Hilo la njaa nalikumbuka mpaka leo. Mwishowe akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani: kitu hakijatoka nyumbani, kiko karibu na maji, na aliyekichukua asipokirudisha kabla ya Ijumaa tumbo litamjaa. Yule mama akang'ang'ania jina. Babu akamjibu bao halitaji jina, akamtoza hela ya kahawa, basi.

Vipuli vilionekana nyuma ya mtungi kabla hata Ijumaa haijafika. Nani aliviweka, hakuna aliyejua wala aliyeuliza, na mama yule na wifi yake walizeeka wote nyumba moja.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza babu, hivi mchanga ulikuwa unasema kweli? Akacheka. Akasema, "Mtu akishaketi mkekani keshasema nusu, kazi yangu ni kumsikiliza asiharibu nusu iliyobaki." Hakunijibu zaidi ya hapo na mimi sikumbana.

Dada, kwa swali lako la kwanza, jibu langu liko hapo barazani. Wapo watu wenye kuona zaidi ya wenzao, na wewe huenda ni mmoja wao. Wanasoma uso, mwendo, jinsi mtu anavyopokea simu, nani kaacha kula. Shangazi yako umesema alikuwa anakonda na simu alikuwa hapokei kama zamani. Hayo uliyaona mchana, usiku akili ikayafanyia hesabu ikakuletea jibu. Sikudharau hata kidogo ninaposema hivyo. Muuguzi mzoefu anaingia wodini na kujua mgonjwa gani hataiona asubuhi kabla mashine haijalia, na hakuna anayemwambia kafunguliwa jicho.

Ila hesabu nyingine nayo lazima uione. Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 61.7. Tuseme watu wazima ni milioni 30 tu, na kila mmoja anaota kifo cha ndugu yake mara moja tu katika miaka kumi. Hizo ni ndoto milioni tatu kwa mwaka, zaidi ya 8,000 kila usiku wa Mungu. Na kila siku watu wanafariki. Lazima baadhi ya ndoto zikutane na msiba, na mwenye ndoto hiyo hatasahau maisha yake yote. Wale maelfu wengine wameamka, wamekunywa chai, wamesahau.

Mimi nililipima hili kwa daftari, kwa sababu kijijini walisema nimerithi. Niliweka kando ya kitanda, naandika ndoto kabla sijashika simu, na tarehe juu. Sheria moja tu: siruhusiwi kuongeza neno baada ya tukio. Niliendelea kwa muda mrefu mpaka mke wangu akalizoea. Zipo zilizogonga, siwezi kukataa. Nyingi mno hazikugonga kitu. Na kilichonishangaza zaidi ni zile ambazo kichwani nilikumbuka zimetimia kabisa, nikifungua daftari nakuta nilichoandika ni kingine. Niliandika "maji mengi, watu wanavuka", na mafuriko yalipokuja ningeapa niliota daraja lile lile. Jaribu na wewe. Ni bure, na hakuna wa kukutumia namba ya kulipia.

Kuhusu huyo bwana wa laki na nusu. Umetunukulia ujumbe wake: una nyota kali, unapendwa lakini una maadui wa karibu, unasaidia watu hawakushukuru, kuna jambo kubwa ulikaribia kulipata likaponyoka. Soma tena polepole kisha uniambie ni Mtanzania gani hajafanana na hayo. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye peke yake. Wakayapa kwa wastani alama 4.26 kati ya 5 kwa ukweli. Wote walikuwa wamepewa karatasi ile ile, na maneno mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota.

Hata hiyo nyota aliyokutajia, ngoja nikuonyeshe inavyopatikana, maana vijana wengi wanadhani kuna siri kubwa. Unachukua jina lako na la mama yako kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina thamani yake, unajumlisha, unatoa 12 mara nyingi uwezavyo, kinachobaki ndiyo namba ya nyota yako kati ya zile 12. Fatuma binti Amina: fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, he 5, jumla 135. Amina: alifu 1, mimu 40, ye 10, nuni 50, he 5, jumla 106. Zote pamoja 241, ukitoa 12 mara ishirini inabaki 1, nyota Hamali. Sasa mwandishi mwingine analiandika Amina bila ile ye, na wapo wengi. Inakuwa 231, inabaki 3, nyota Jauza. Fatuma yule yule, mama yule yule, kahama nyota kwa herufi moja. Babu alikuwa analijua hili na alilisema wazi, ndiyo maana hakuozesha wala kuachisha mtu kwa nyota.

Ukitaka kupima kipaji chenyewe, chukua karata 52, mtu mwingine azichanganye na kuzishika chumba cha pili, wewe utaje nyekundu au nyeusi moja moja. Kwa kubahatisha utapata 26 hivi, na hata ukipata 31 bado ni bahati ya kawaida. Mmarekani James Randi aliweka dola milioni moja kwa yeyote atakayeonyesha uwezo wa namna hiyo chini ya masharti waliyokubaliana wote wawili. Zawadi ilifungwa 2015 bila mtu kuichukua. Huyo wako wa mtandaoni ana shida gani na dola milioni moja mpaka ahangaike na laki na nusu yako?

Lakini kilichonifanya niandike kirefu hivi ni pale aliposema jicho "limezibwa na ndugu". Hapo ndipo hatari ilipo. Ndugu yupi? Ukishalipa, jina litatajwa, na nakuhakikishia litakuwa la mama mdogo au bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Ramli chonganishi, ile ya kumtaja ndugu au jirani kuwa mchawi, imeua vikongwe wengi Shinyanga na Mwanza, na ndugu zetu wenye ualbino tunajua yaliyowakuta. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyo hiyo. Mpiga ramli anayekutajia mtu wa nyumbani kwako, mkimbie hata kama anafanya bure.

Kukabwa usiku ni jinamizi. Akili inaamka kabla mwili haujaachiwa na usingizi, kifua kinakuwa kizito, na macho yanaona mtu mlangoni. Huja zaidi ukilala chali, ukiwa umechoka au umekesha na simu. Mnakumbuka Popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku, Pemba 1995? Watu walilala nje makundi makundi wamezunguka moto. Aliyelala macho nusu na hofu kichwani, unategemea aamke vipi? Lala ubavu, punguza kukesha. Ikizidi, nenda ukamweleze daktari bila aibu.

Sasa furaha. Umesema zamani ulikuwa unacheka, siku hizi kila bundi ni ujumbe, kila jicho likicheza ni habari. Hilo silishangai. Nimewaona waliokuwa wanakuja kwa babu kila wiki kuuliza kesho, na walikuwa watu wenye hofu kuliko wote mtaani. Ukitaka kujua kila kitu kabla, huli chakula kikashuka.

Wakati huo huo bibi yangu alikuwa na pepo, na kila baada ya muda alikwenda kwenye ngoma. Sisi vijana tuliosoma tulimcheka. Ila nilimsindikiza. Wanawake watu wazima, wengine wana wake wenza, wengine wamefiwa na watoto, wamekaa kilingeni usiku kucha, ubani unafuka, wanaimba. Anayetaka kulia analia na hakuna anayemwambia nyamaza. Anayetaka pete, kanga mpya au halua, pepo anaidai na mume analeta. Asubuhi bibi anarudi nyumbani amechoka, mkono umeshikwa na wenzake wawili, anacheka kwa sauti niliyokuwa siisikii siku nyingine. Kama pepo alikuwepo au hakuwepo, nimeacha kubishana. Wenzake walikuwepo, na walikuwepo pia alipougua, wakapokezana kumwogesha.

Wewe katika bandiko lako lote sikuona rafiki hata mmoja. Umetaja simu, video za kutafakari, mishumaa, na huyo bwana. Umehamia Morogoro kikazi, unaishi chumba kimoja, Jumapili unalala mpaka saa saba. Kabla hujatafuta roho zingine, tafuta watu. Kwaya, darasa la kinamama, kikoba, timu ya mtaani, hata kukaa na mama muuza vitumbua ukamsikiliza. Kama kweli unasoma watu upesi kuliko wengine, kipaji hicho kinakua hivyo hivyo, kwa kukaa nao.

Kuhusu dini sitahubiri, kila mtu ana kwake. Ila kama wewe ni Mkristo, Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli waziwazi. Na sisi Waislamu tumefundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu, na moja kati ya hizo ni mawazo ya mtu mwenyewe tu. Ibada ya kawaida, ile isiyo na malipo wala video, imenitosha mimi. Nikiamka saa kumi kabla ya alfajiri, nyumba kimya, sitafuti kuona chochote.

Na huzuni ikiendelea, usingizi ukakosekana na chakula kikakataa, nenda hospitali ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Usisubiri mpaka uone vitu.

Haya, kaka yako. Umeota lori lake limepinduka Kitonga na unauliza kama umzuie safari. Usimwambie ndoto. Dereva aliyejazwa hofu kwenye mlima ule ni hatari kuliko ndoto yenyewe, na kwa sisi ndoto mbaya haisimuliwi: unajikinga kwa Mungu, unatema upande wa kushoto mara tatu, unageuka ubavu mwingine. Mpigie leo jioni kama dada. Muulize amelala saa ngapi jana, breki zimekaguliwa lini, tairi za nyuma bado zile zile alizolalamikia? Ndiyo, uliandika mwenyewe kwamba Mei alilalamika tairi. Kama hajabadilisha na tajiri anamzungusha, hiyo laki na nusu mkopeshe aanzie hapo.