Kabla ya Kuficha Michakato kwenye Seva ya Pamoja

Ofisini kwetu Kijitonyama, Dar es Salaam, ninasimamia seva moja ya Linux inayotumiwa na watengenezaji wa programu kumi na wawili, kila mmoja akiwa na akaunti yake. Asubuhi moja seva ilikuwa nzito kupita kiasi, na kijana aliyekuwa na wiki mbili tu kazini akaandika ps aux, amri inayoorodhesha michakato yote, yaani programu zinazoendeshwa, ili aone ni nini kinachoielemea. Akaniita kwa sauti ya chini: “Kaka, njoo uone hapa.” Kazi ya kunakili kanzidata, ambayo ilipaswa kuisha usiku, ilikuwa bado inaendelea, na kwenye mstari wake nywila ya kanzidata ya mteja ilisomeka yote, herufi kwa herufi.

Kijana yule hakuwa amepekua chochote. Kila mchakato una saraka yake ndani ya /proc, mahali ambapo Linux huonyesha taarifa za michakato, na faili la cmdline lililomo humo, lenye amri nzima kama ilivyoandikwa, kwa kawaida husomwa na mtumiaji yeyote wa mashine. Programu ya mysql, ya kuunganisha na kanzidata ya MySQL, hujitahidi kuifuta nywila kwenye mstari huo mara inapoanza, ingawa bado kuna kitambo kifupi ambamo huonekana. Hati za amri (script) tulizoziandika wenyewe hazifanyi hata hilo.

Kwa hiyo ninashauri nywila ziondolewe kwanza kwenye amri na kuwekwa katika faili kama .my.cnf (la MySQL) au .pgpass (la PostgreSQL), lenye ruhusa ya 0600, yaani mwenyewe tu ndiye anayelisoma na kuliandika, ndipo michakato ifichwe.

Kuficha kwenyewe ni kazi ya hidepid, chaguo la kupachika (mount) /proc, lililoingia katika Linux 3.3 mwaka 2012. Thamani ya 1 hufunga saraka za michakato ya wengine lakini namba zake huendelea kuonekana, ilhali thamani ya 2 huziondoa kabisa machoni pa asiye mwenyewe, isipokuwa root, msimamizi mkuu wa mashine. Usikimbilie kuliandika kwenye /etc/fstab, faili linaloifanya mipangilio hii ibaki hata mashine ikiwashwa upya. Lijaribu kwanza kwa mount -o remount,hidepid=2 /proc, kisha ingia kwa akaunti ya kawaida na uhakikishe kwamba ps aux inaonyesha michakato ya akaunti hiyo peke yake.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, kwa sababu huduma kama systemd-logind (inayosimamia kuingia kwa watumiaji) na polkit (inayoamua nani ana ruhusa ya nini) zinahitaji kuona michakato ya watumiaji wengine, na zikizibwa macho, watu huweza kukwama wakati wa kuingia. Chaguo la gid huliruhusu kundi moja kuendelea kuona. Huduma hizo, pamoja na programu ya ufuatiliaji, ziingizwe humo. Ikiwa unachotaka kukizuia ni huduma na si watu, mpangilio wa ProtectProc=invisible kwenye faili la huduma hiyo, uliopo tangu systemd 247, unatosha bila kugusa mfumo mzima.

Asubuhi ile tulibadilisha nywila na kumpigia mteja simu kabla ya kugusa /proc, maana mstari ule ulikuwa umeonekana kila usiku kazi ile ilipoendeshwa.