Mkabala Jumuishi: Maneno kwa Mshauri Nasaha Anayeanza Kazi

Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha, kila aliyeniuliza ninafuata mkabala gani nilimjibu bila kusita kwamba mkabala wangu ni jumuishi, yaani unaounganisha nadharia na mbinu za tiba mbalimbali za kisaikolojia. Msimamizi wangu wa kitaaluma hakulipinga jibu hilo. Aliniomba tu nimweleze kwa nini, katika kikao cha tatu na mteja mmoja, niliyakatiza mazungumzo kuhusu mama yake na kumkabidhi jedwali la kuandikia fikra zinazomjia anapopatwa na wasiwasi. Nilitaja nadharia mbili tatu, kisha nikanyamaza, maana sababu halisi niliijua: mteja alikuwa ameanza kulia, nami sikujua nikae vipi mbele ya machozi yake, nikakimbilia karatasi.

Wengi wenu mnaoingia katika kazi hii mnadhani kwamba ugumu wa mkabala jumuishi uko katika wingi wa mbinu. Mbinu zinajifunzika. Linalochukua miaka ni kutambua, papo hapo ndani ya kikao, kama unabadilisha njia kwa haja ya mteja au kwa sababu wewe mwenyewe umebanwa.

Mkabala huu una nasaba yake, wala haukuzuka kwa uvivu wa watu walioshindwa kuchagua. Mwaka 1936 Saul Rosenzweig alitoa hoja kwamba tiba zinazopingana kinadharia zinaweza kuleta matokeo yanayokaribiana kwa kuwa zina mambo ya msingi yanayofanana. Mwaka 1950 John Dollard na Neal Miller walijaribu kuyaeleza mawazo ya Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, kwa lugha ya nadharia za kujifunza, na mwaka 1977 Paul Wachtel akaonyesha namna uchanganuzi huo, unaochimba yaliyofichika ndani ya mtu, na tiba ya tabia, inayolenga kubadilisha matendo yake, zinavyoweza kukamilishana. Leo wapo wanaochukua mbinu yoyote inayofaa tatizo lililopo bila kujifunga na nadharia ilikotoka, kama alivyotetea Arnold Lazarus. Wapo wanaotafuta nadharia mpya itakayozaliwa na mbili za zamani. Wapo wanaoshikilia yale yanayopatikana katika kila tiba nzuri. Na wapo wanaoifanya nadharia moja kuwa makao yao, kisha wakakaribisha mbinu za kwingine kwa tahadhari, njia aliyoieleza Stanley Messer mwaka 1992. Kwa anayeanza ninapendekeza hii ya mwisho, wala sifichi upendeleo wangu, kwa sababu asiye na makao hana pa kumpokelea mgeni.

Makao yangu mimi ni kazi ya Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyeasisi tiba inayomweka mteja katikati. Mwaka 1957 alieleza masharti ambayo, kwa maoni yake, yanahitajika na yanatosha ili mtu abadilike, yakiwemo kwamba mshauri awe mkweli ndani ya uhusiano, amthamini mteja bila kumwekea masharti, na aielewe dunia yake kutoka ndani. Kwamba yanahitajika, sina shaka. Kwamba yanatosha kila mara, hapo ninatofautiana naye. Mtu ambaye hofu imemfungia nyumbani anahitaji pia kusaidiwa kukikabili hatua kwa hatua kile anachokiogopa, na mshauri anayeishia kumwelewa tu anaweza, kwa upole wake wote, kumsaidia aendelee kukikimbia.

Turudi kwa mteja wangu, ambaye nimebadilisha mambo yote yanayoweza kumtambulisha. Alikuja kwa sababu ya wasiwasi uliomkosesha usingizi kila alipotakiwa kuwasilisha kazi yake mbele ya wakubwa wake. Baada ya aibu ile mbele ya msimamizi, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema: nilikaa nikaandika ukurasa mmoja unaoeleza ninavyoielewa hali yake, yaani kilichomleta sasa, kinachoifanya shida iendelee, ilikoanzia, na nguvu alizonazo tayari. Ukurasa huo ndio unaotofautisha kuunganisha na kuokoteza. Usipoweza kuuandika, bado hujui unatibu nini, na mbinu yoyote utakayoichagua itakuwa ya kubahatisha.

Katika kikao kilichofuata nilimwambia kwamba nilikuwa nimeyakatiza machozi yake kwa haraka, nikamuuliza hali hiyo ilimwachaje. Alisema kwamba alidhani amenichosha. Vikao kadhaa tulibaki hapo, kwenye nyumba ambamo mtoto alisifiwa siku alipokuwa wa kwanza darasani tu. Kisha yeye mwenyewe akauliza kama ni kweli kwamba akikosea mara moja kila mtu atamwona hafai. Hilo lilikuwa swali la kupimwa, na jedwali lile, ambalo linatokana na tiba ya utambuzi, yaani ya kuzichunguza na kuzipima fikra, iliyoasisiwa na Aaron Beck, sasa likawa na kazi. Nilimweleza ninachopendekeza na sababu yake, nikasubiri akubali. Edward Bordin alionyesha mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa tiba husimama juu ya makubaliano kuhusu lengo, makubaliano kuhusu kazi za kufanywa, na kifungo baina ya watu wawili hao. Ukibadilisha kazi bila kumshirikisha mteja, umeivunja nguzo moja hata kama mbinu yenyewe ni sahihi.

Majedwali yakaanza kuja. Yalijazwa kila safu, kwa mwandiko uliopangika kuliko wangu, na kila mara aliponipa aliutazama uso wangu. Mwenye kutazama kwa jicho la Beck peke yake angefurahia bidii hiyo. Ila kile ambacho wafuasi wa Freud hukiita uhamisho wa hisia, yaani mteja kumwelekezea mshauri hisia alizokuwa nazo kwa mtu wa zamani maishani mwake, kilikuwa wazi mezani: nilikuwa nimefanywa mama, na zoezi la kupunguza hofu ya kukosea lilikuwa limegeuka mtihani mwingine wa kushika nafasi ya kwanza. Nilimwambia nilichokiona, bila kumhukumu na bila kumpa somo la nadharia. Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na safari hii sikutafuta karatasi.

Kuna mipaka ambayo haihitaji maneno mengi. Mbinu za kutibu kiwewe usizitumie kwa kuwa umehudhuria warsha moja, na mteja anapozungumza kuhusu kujiua, uliza waziwazi, shughulikia usalama wake kwanza na mhusishe msimamizi wako; mjadala wa mikabala utasubiri. Usimlazimishe pia kutenda mtu ambaye bado anasitasita, kwa mfano anayetafakari kuacha pombe. James Prochaska na Carlo DiClemente walieleza kwamba mabadiliko hupitia hatua, na mazoezi ya mtu aliyekwisha kuamua humkimbiza ambaye bado anapima.

Wiki mbili baada ya kikao kile cha ukimya, mteja wangu alileta jedwali lenye safu mbili tupu na doa la chai pembeni. Aliliweka mezani, akaketi, na kuanza kunieleza wiki yake bila kunitazama usoni kwanza.