Jina Si Mahari

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Wundanyi. Mama yako hajambo, ila goti humsumbua baridi ikizidi. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama, kwa vile talaka imeshatoka na baba watoto anakutaka uache jina lake, urudie langu.

La sheria ni jepesi. Hapa Kenya hakuna sheria inayomlazimu mke kuchukua jina la mumewe, wala inayomvua ndoa ikivunjika. Ukitaka mwenyewe kulitoa kwenye kitambulisho, utapeleka hati ya talaka kwa ofisi ya usajili wa watu. Kwa hiyo yule bwana anaomba tu, hata akiandika kwa herufi kubwa.

Baba zako wadogo ni wakali kumliko. Wanasema jina lirudi kwa wenyewe, kama mahari inavyodaiwa. Niliwasikiliza hadi chai ikaisha. Ng'ombe wa mahari huhesabika, wakaswagwa kurudi walikotoka. Jina ulilolifanyia kazi utalihesabuje? Biashara yako ya upishi umeisajili kwalo, watoza kodi wa KRA wanakujua kwalo, na mteja akikutumia pesa kwa M-Pesa ndilo analoliona akajua pesa haikupotea njia. Sifa ya pilau yako hakuipika yeye.

Mkumbuke Profesa Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa kupanda miti. Alizaliwa Wangari Muta, akaolewa na Mwangi Mathai, aliyekuja kuwa mbunge wa Lang'ata. Mwaka 1979 ndoa ikavunjwa mahakamani, kesi ikianikwa magazetini, na kwa maneno aliyoyasema juu ya hukumu mama wa watu akalala jela siku kadhaa. Kisha mume akamtaka aache jina lake. Wakati huo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, anajulikana kwa jina hilo hilo. Hakubishana. Aliongeza "a" moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea na miti yake. Mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, jina lililosomwa Oslo lilikuwa na "a" zake mbili. Mimi huucheka ujanja ule mpaka leo. Na si huku kwetu tu: Angela Merkel aliitawala Ujerumani kwa jina la mume waliyeachana mwaka 1982, ingawa baadaye aliolewa na mwingine.

Kwa watoto usihangaike sana. Wao watabaki na jina la baba yao. Ukibadilisha lako, mkisafiri ubebe vyeti vyao vya kuzaliwa, maana utaulizwa.

Sikufichi, ningefurahi kuliona jina langu tena kwenye kitambulisho chako. Lakini furaha hiyo ni yangu, usije ukailipia wewe kwa foleni za ofisi na wateja waliopotea. Kama jina lile linakuchoma kila ukiitwa, hapo ni jambo jingine. Litoe hata kama litakugharimu. Kama halikuchomi, kaa nalo. Hao baba zako niachie mimi.

Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwenye sanduku la mama yako. Ukikihitaji, nitakipeleka Voi mwenyewe. Matatu siiamini na karatasi kama hizo. Na ule ujumbe wa herufi kubwa usiujibu usiku.

Baba yako