Kasi ya mzunguko, au kasi ya kulizunguka Jua?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kayole. Binti yangu aliandika aya kwa ajili ya chama cha Kiswahili shuleni, kuhusu jinsi ya kukokotoa kasi ya sayari. Alisema: "Kasi ya mzunguko wa Dunia ni kilomita 29.8 kwa sekunde. Dunia inazunguka Jua na tena inajizunguka." Mwalimu wake alipiga mstari chini ya "kasi ya mzunguko" na "inajizunguka", hakueleza zaidi. Kosa liko wapi? Na ile njia ya sayari tuiite obiti au mzingo?

JIBU: Mama, kwanza mpe binti hongera. Hesabu yake ni sahihi, na si kazi ndogo kwa mtoto wa Nairobi kuisema kwa Kiswahili sayansi aliyofundishwa kwa Kiingereza.

Tuanze na "inajizunguka", maana hapo ndipo penye kiini. Kukizunguka kitu ni kupita pande zake zote. Kuku akiizunguka nyumba, yeye yuko nje na nyumba iko katikati. Sasa Dunia itajizunguka vipi? Itoke nje ya nafsi yake ipite pembeni? Kitenzi kinachotakiwa ni kujizungusha. Mtazame mtoto anayecheza na pia, kile kichezeo cha kuzungushwa kwa kamba: akishaichomoa kamba, pia inajizungusha pale pale kwenye ncha yake. Ndivyo Dunia inavyofanya katika mhimili wake, nasi tunapata usiku na mchana.

"Inazunguka Jua" si kosa, ndivyo wengi wetu tunavyosema mjini. Hata hivyo, katika maandishi ya sayansi ningemwomba aongeze silabi moja: inalizunguka Jua. Hiyo -li- inamwonyesha msomaji kinachozungukwa kabla hajakifikia. Sikiliza sentensi hii: Mwezi unaizunguka Dunia, nayo Dunia inalizunguka Jua. Ngeli zimetuchorea ramani nzima ya anga, kila kimoja na kinachokizunguka. Mimi huwa nasikitika sana silabi hizi zikiachwa, kwa sababu zinafanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno matatu manne.

Na hapo ndipo "kasi ya mzunguko" inapoharibikia. Ukigeuza kitenzi kuwa nomino, -li- inapotea, -ji- nayo inapotea, linabaki neno moja linalobeba yote mawili. Mzunguko upi, wa kujizungusha au wa kulizunguka Jua? Tofauti yake si ya kupuuzwa. Mtu aliye kwenye ikweta, na Nairobi iko karibu nayo kabisa, anachukuliwa na Dunia inayojizungusha kwa takriban mita 465 kwa sekunde. Dunia hiyo hiyo inalizunguka Jua kwa kilomita 29.8 kwa sekunde. Ya pili ni zaidi ya mara 60 ya ya kwanza! Mwanafunzi aliyeulizwa "kasi ya mzunguko wa Dunia" anaweza kutoa jibu lolote kati ya hayo akawa na haki ya kudai alama zake. Basi aandike "kasi ya Dunia kulizunguka Jua", au kwa kifupi "kasi ya Dunia katika obiti".

Ndiyo, obiti. Najua wako wanaopenda mzingo, nami nisingewapinga kama neno hilo lisingekuwa na kazi tayari. Katika hisabati mzingo ni urefu wa kulizunguka umbo, na katika hesabu hii tunauhitaji kwa maana hiyo hiyo. Umbali wa Dunia kutoka kwa Jua ni wastani wa kilomita milioni 149.6. Huo ndio nusukipenyo. Zidisha kwa 2, kisha kwa pai, upate mzingo wa obiti: kilomita milioni 940 hivi. Mwaka una siku 365.25, yaani sekunde 31,557,600. Gawanya mzingo kwa sekunde hizo, jibu ni 29.8. Kama obiti nayo ingeitwa mzingo, tungelazimika kuandika "mzingo wa mzingo".

Kuna neno moja alilolisahau, na mwalimu wake hakuligusa: wastani. Mwanaastronomia Johannes Kepler alionyesha mwaka 1609 kwamba obiti ni duaradufu, si duara kamili, na kwamba sayari huongeza kasi inapolikaribia Jua. Mapema Januari Dunia huenda kilomita 30.3 kwa sekunde, mapema Julai 29.3. Bila neno "wastani" sentensi yake ni kweli kwa nyakati chache tu za mwaka.

Kuhusu spidi na kasi, yote ni Kiswahili, ila kwa kazi hii nachagua kasi. Mwendo nauepuka, kwa sababu tukisema "ni mwendo wa dakika kumi kutoka steji" tunapima umbali. Wengine huona vibaya kusema "kasi ndogo", eti kasi lazima iwe kubwa. Mbona twasema joto la nyuzi 5? Neptuni ina kasi ya kilomita 5.4 kwa sekunde, Utaridi 47.4, na zote mbili ni kasi. (Utaridi wengine huiita Zebaki. Mimi zebaki naiachia ile metali.)

Aya yake sasa isomeke hivi: "Dunia hujizungusha katika mhimili wake, na wakati huo huo hulizunguka Jua. Kasi yake ya wastani katika obiti ni kilomita 29.8 kwa sekunde." Akitaka kuendelea, ajaribu Mirihi: umbali wa wastani kilomita milioni 228, mwaka wake siku 687 za Dunia. Akipata 24.1, hajakosea popote.