Kalenda ya Dar Haianiki Dagaa Mwanza

Wiki iliyopita binti mmoja wa Temeke alinitumia ujumbe. Anahamia Mwanza mwezi wa kwanza kuanza biashara ya dagaa, na ameshachunguza kila kitu kwenye simu: "Dada, nimeangalia hali ya hewa, Mwanza ni kama Dar tu ila joto limepungua kidogo. Hata mvua za mwaka zinalingana." Niliusoma mara tatu. Maneno hayo hayo nilimwambia mama yangu miaka sita iliyopita, nikiwa na tiketi ya basi mkononi.

Na tarakimu hajakosea. Miji yote miwili hupata mvua inayokaribia milimita 1,100 kwa mwaka. Yote miwili Mamlaka ya Hali ya Hewa huihesabu kwenye maeneo yenye misimu miwili, vuli na masika. Hapo ndipo nilipoponzeka. Mtu wa pwani akisikia vuli na masika, kalenda yake tayari anayo kichwani: vuli inaisha Desemba, kaskazi inavuma, Januari na Februari jua linawaka, masika yanaingia Machi. Februari Dar hupata wastani wa milimita hamsini na kitu tu. Nikasema hiyo ndiyo miezi yangu ya kuanika.

Nilikuwa nauza dagaa kwa jumla Dar, nikinunua waliokwisha kukaushwa, na bei za madalali zilikuwa zimenichosha. Nikachukua mkopo wa kikundi, nikatafuta mwenzangu wa kuchangia mtaji, nikapanga chumba Mwanza karibu na mwalo wa Igombe, ufukwe ambako mitumbwi hushusha samaki. Mama mmoja, mwanikaji wa siku nyingi, alinikuta natandaza nyavu zangu mchangani akaniuliza, "Mwanangu, turubai lako liko wapi?" Nikamjibu kwamba huu si msimu wa mvua. Akanyamaza, akaendelea na kazi yake.

Siku za mwanzo zilienda vizuri. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, alfajiri mzigo unafika, mnaanika, jua likiwa zuri jioni mnakusanya. Siku ya nne jua lilikuwa hafifu, nikawaacha walale nje ili wamalizikie kesho yake. Ndoo 32. Saa kumi usiku nikasikia radi upande wa ziwani. Nilipofika mchangani mvua ilishanitangulia. Wenzangu wote walikuwa wamefunika.

Dagaa akilowa akiwa nusu mkavu hana dawa. Anageuka rangi, ananuka, na hata ukimwanika upya anabaki wa chakula cha kuku. Huko ndiko nilikowauza. Mwenzangu wa mtaji akachukua hela iliyobaki akaondoka bila kuniaga, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko mvua yenyewe.

Yule mama ndiye aliyenifundisha, na baadaye nikasoma mwenyewe nikaona alikuwa sahihi kwa kila neno. Mwanza vuli na masika hazitengani kama kwetu pwani. Katikati mvua inapungua tu, haikatiki. Januari bado ni takribani milimita 100. Kukauka kwa kweli ni Juni hadi Agosti. Miezi hiyo sisi wa Dar tunaiita kipupwe, tunatoa sweta. Kule ndiyo kiangazi chenyewe. Na jua kali la Mwanza usilingoje Januari. Linakuja Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Halafu kuna ziwa. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, na maji ya Ziwa Victoria yana uvuguvugu mwaka mzima. Upepo unatoka nchi kavu pande zote kuelekea majini, unakutana huko, hewa yenye unyevu inapanda, na mawingu ya radi yanajengeka wewe ukiwa umelala. Ukiangalia anga saa moja jioni ukaona nyota, bado hujajua lolote kuhusu alfajiri.

Joto nalo watu wanalizungumza vibaya. Wanataja mchana: Dar nyuzi 32 mwezi wa kwanza, Mwanza 28, wanasema tofauti ndogo. Tofauti iko usiku. Dar usiku wa Januari unakaa kwenye 25 na unyevu wa bahari, unalala na feni na bado shuka linalowa. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama sita na nusu. Usiku unashuka mpaka 18 hivi. Nilipolala mara ya kwanza bila feni nilidhani ninaumwa. Julai ni baridi zaidi, hewa kavu, midomo inapasuka. Lakini dagaa wanakauka kwa siku moja, weupe, hawana harufu. Sasa hivi wanunuzi wa Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wananipigia wao simu, na mkopo wa kikundi nilimaliza mwaka wa pili.

Ndugu zangu mnaohama kwa ajili ya kazi inayotegemea jua, acheni kushika jumla ya mwaka. Jumla haikuambii ni mwezi gani, wala saa ngapi. Waulizeni wanaoanika, wanaofyatua matofali, wanaofua. Na wakiwajibu, sikilizeni. Mimi nilijibiwa kabla sijauliza na sikusikiliza, kwa sababu nilijiona mtoto wa mjini ninayelijua joto. Ujuzi wa mji mmoja hauhamishiki na mabegi. Uliza mwezi, uliza saa, na usione haya kuuliza tena.

Mdogo wangu, kama tiketi bado hujakata, njoo Juni, na uhesabu siku za giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hakuna. Kama umeshakata, beba blanketi na turubai zito, na hela ya kwanza uitumie kutengeneza vichanja, meza za kuanikia zilizoinuliwa, usianike mchangani. Ukifika mwaloni mtafute mama wa kwanza utakayemkuta anaanika. Akikuuliza turubai lako liko wapi, mwonyeshe.