Kompyuta mpakato ndogo, amplifaya ya zamani na mvumo usiokoma

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninaishi Kirumba, Mwanza. Nina kompyuta mpakato ndogo ya inchi 11 yenye RAM ya gigabaiti 4, ambayo mwanangu aliitumia chuoni na sasa imekaa bure. Nimeiunganisha na amplifaya yangu ya zamani kwa waya unaotoka kwenye tundu la hedifoni na kuishia kwenye pini mbili, nyekundu na nyeupe, ili nisikilize muziki wa dansi na ngoma zetu za bugobogobo. Sauti inatoka, lakini nikichomeka chaja spika zinavuma, na nikisogeza kipanya nasikia mkwaruzo. Jirani mmoja ananishauri nigeuze nyimbo zangu zote za MP3 ziwe FLAC, aina nyingine ya faili la muziki. Mwingine anasema kompyuta ndogo haiwezi kutoa muziki wa kiwango cha juu, hivyo niiuze. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, kompyuta hiyo inakutosha kabisa, na ninakuomba usiiuze. Kucheza muziki ni kazi nyepesi mno kwa mashine ya aina hiyo. Sauti ya CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, huhifadhiwa kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia; ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, mzigo ambao kompyuta za miaka zaidi ya 20 iliyopita ziliubeba bila taabu. Kompyuta kubwa ya bei ghali husoma namba zilezile na kuzipeleka vilevile. Tofauti ya sauti huanzia pale namba hizo zinapogeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka, na kwenye njia ambayo umeme huo unapita hadi kufika kwenye amplifaya. Tatizo lako liko hapo, na ndiyo maana nitatumia muda mwingi kwenye huo mvumo kuliko kwenye jambo lingine lolote.

Umeniandikia dalili mbili, nazo hazina chanzo kimoja. Mkwaruzo unaofuata mwendo wa kipanya unatoka ndani ya kompyuta yenyewe. Sakiti ya sauti katika mashine ndogo imebanwa kwenye bodi moja na prosesa, diski na kioo, na zote zinatumia njia moja ya umeme. Prosesa inaposhtuka kufanya kazi, mabadiliko ya umeme wake huvuja hadi kwenye sauti. Mvumo unaokuja na chaja ni habari nyingine. Chaja hushusha umeme wa volti 230 hadi volti 19 au karibu na hapo kwa kuukata na kuuunganisha maelfu ya mara kila sekunde, na ndani yake kuna kapasita ndogo, vipande vya kuhifadhi umeme kwa muda, ambazo huruhusu umeme kidogo uvuje kuelekea upande wa kompyuta. Ikiwa chaja ina pini mbili tu, umeme huo hautakuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia kwenye waya wako wa sauti. Ukipitisha nyuma ya vidole taratibu juu ya sehemu ya chuma ya kompyuta ya namna hiyo ikiwa inachajiwa, mara nyingi utahisi msisimko kama wa vumbi linalotetemeka. Ikiwa chaja ina pini tatu na amplifaya nayo ina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, basi vifaa viwili vimeunganishwa mara mbili, kwa ethi ya ukutani na kwa waya wa sauti, na mzunguko huo hubeba mvumo wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) pamoja na wenzake wa hezi 100 na kuendelea.

Fanya jaribio hili kabla hujatoa hata shilingi moja. Ichaji kompyuta mpaka ijae, chomoa chaja, kisha cheza wimbo uliozoea kuusikiliza. Ukiona mvumo umekwisha, mkosaji ni chaja au ethi. Mkwaruzo wa kipanya ukibaki hata kwenye betri, huo ni wa sakiti ya ndani na nitaueleza hapa chini. Baada ya hapo rudisha chaja, lakini safari hii chomeka chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima, kwa sababu kadiri vifaa viwili vinavyotumia sehemu moja ya kutokea umeme ndivyo tofauti kati ya ethi zao inavyopungua. Mwisho, kama amplifaya yako imeunganishwa na televisheni au king'amuzi, chomoa waya wa dishi. Niliwahi kuitwa nyumba moja ya Nyegezi ambako mwenyeji alikuwa amebadilisha waya wa sauti mara tatu bila mafanikio. Nilipofungua kwa mkono ile nati ya waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, mvumo ulizimika papo hapo, kabla hata sijaitoa pini yenyewe. Dishi lilikuwa limefungwa kwenye bomba la chuma lililozama ardhini, na nyumba nzima ilikuwa na ethi mbili zinazoshindana ndani ya amplifaya.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: usikate pini ya ethi ya amplifaya ili kuondoa mvumo, wala usimruhusu mtu akukatie. Najua mafundi wanaofanya hivyo, na ni kweli mvumo huisha. Lakini siku transfoma ya amplifaya itakapovuja, bodi la chuma litashika volti 230 na ethi iliyopaswa kufyatua swichi haipo. Vivyo hivyo, ule mtindo wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili kuingiza chaja ya pini mbili uachwe. Nunua adapta ya soketi inayostahili.

Ikiwa ethi imeshindikana kurekebishwa, suluhisho salama ni kutenganisha njia ya sauti. Viko vifaa vidogo vyenye transfoma mbili ndani, moja kwa kila upande wa sauti, vinavyokaa kati ya kompyuta na amplifaya na kupitisha sauti bila kupitisha ethi. Vile vya bei ya chini kabisa hupunguza besi, na kwa mtu anayetaka kusikia ngoma kubwa ya bugobogobo ikigonga kifuani hiyo ni hasara kubwa, kwa hiyo sikiliza kabla ya kulipa.

Sasa huo mkwaruzo wa kipanya. Dawa yake ni kuitoa kazi ya kugeuza namba nje ya kompyuta, kwa kigeuzi cha sauti cha nje, ambacho madukani hujulikana kwa herufi DAC. Kinachomekwa kwenye tundu la USB na kina matundu yake ya pini nyekundu na nyeupe. Vigeuzi vinavyofuata kiwango cha kwanza cha sauti cha USB hufanya kazi kwenye Windows na Linux bila kusakinisha programu yoyote, na hufika hadi biti 24 na kilohezi 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde). Vya kiwango cha pili vinapanda zaidi, na Windows ilianza kuvipokea yenyewe mwaka 2017. Faida yake nyingine haitajwi sana. Kigeuzi cha mezani kwa kawaida hutoa takriban volti 2, sawa na deki ya CD, wakati tundu la hedifoni la kompyuta ndogo hutoa volti 1 au pungufu. Sauti ikitoka na nguvu zaidi, hutahitaji kufungua amplifaya sana, na kelele zinazookotwa njiani zinabaki chini. Tambua hata hivyo kwamba waya wa USB nao unabeba ethi, kwa hiyo kigeuzi kinaondoa mkwaruzo lakini mvumo wa chaja unaweza kubaki. Ndiyo sababu nimekutuma uanze na jaribio la betri.

Kuhusu jirani wa FLAC, nia yake ni njema ila ushauri wake umechelewa. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo hesabu yake inadhani sikio halitazikosa. Wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya data ya CD, na mara nyingi sauti zote za juu ya kilohezi 16 zimekatwa. Ukiugeuza kuwa FLAC unapata faili kubwa lenye mapengo yaleyale, mfano wa kumimina maji ya ndoo ndani ya pipa ukitarajia yaongezeke. FLAC ina thamani pale chanzo kinapokuwa kizima, kwa maana hufungasha sauti ya CD katika takriban nusu hadi theluthi mbili ya ukubwa wake bila kupoteza biti hata moja. Kwa hiyo, kama una CD zako halisi, zinakili upya kwenda FLAC. Zile nyimbo ulizoingiziwa kwenye flashi dukani ziache kama zilivyo. Ukiwa na shaka juu ya faili, lifungue kwenye programu ya bure ya Audacity na uangalie picha ya masafa yake, yaani sauti zake kuanzia za chini hadi za juu: ukuta ulionyooka kwenye kilohezi 16 unaonyesha kwamba FLAC hiyo huenda ilizaliwa MP3. Wala usihangaike na faili za kilohezi 192. Sampuli 44,100 zinatosha kubeba sauti hadi hezi 22,050, na sikio zuri la kijana huishia karibu na 20,000.

Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, weka biti 24 na hezi 44,100 ili nyimbo zako zisibadilishwe hesabu njiani, na uzime vionjo vyote vya kuongeza besi au mwangwi. Baadhi ya programu za kuchezea muziki huruhusu sauti kupita asilimia 100. Usipite, kwa kuwa vilele vya mawimbi hukatwa na ngoma hugeuka kuwa mpasuko ambao amplifaya haiwezi kuurekebisha. Ukitumia kigeuzi cha nje, acha kompyuta kwenye asilimia 100 na uongoze sauti kwa kitufe cha amplifaya. Ukitumia tundu la hedifoni, anzia asilimia 80, maana mengi huanza kukoroma yakifunguliwa hadi mwisho.

Kwa kuwa uko karibu na ziwa, usiiweke kompyuta hiyo kwenye meza ya dirishani huku taa ikiwaka usiku. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga, na nimefungua kompyuta kadhaa za Kirumba na Igombe nikakuta feni imeziba kwa mabawa yao yaliyogandamana na vumbi. Feni ikiziba huzunguka kwa kasi na kupiga kelele katikati ya wimbo wa taratibu. Safisha feni, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye pini za waya wa sauti, ukiwa umezima amplifaya kwanza.