Nilipozijua tochi zote za njia yangu

Kuna kipindi nilijisifu kwamba miaka mitatu imepita sijatozwa faini ya mwendo. Si kwamba nilikuwa naendesha vizuri. Kamera zote za njia yangu nilizijua, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo nilijua hukaa wapi, saa ngapi na kivuli cha mti gani. Akibadilisha kituo, madereva wa upande wa pili walinimulika taa mara mbili na mguu ukahama wenyewe kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Nikishampita, nakanyaga tena. Ungeniuliza wakati ule kama tochi zinapunguza ajali ningecheka. Zinapunguza hela mfukoni, basi.

Siku moja, kama kilomita moja baada ya kuipita tochi, nilikuwa ndiyo kwanza nimelirudishia gari mwendo wake. Kibao kilisema 50, mshale ulikuwa unaikaribia 60. Pembeni lilikuwa limeegeshwa lori, na mbele ya lori ikachomoza ncha ya ngazi. Ngazi kwanza, kisha tairi la baiskeli, kisha mtu anayeikokota hiyo baiskeli na ngazi yake imefungwa ubavuni. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Simu iliyokuwa kwenye kiti cha abiria ilipiga dashibodi ikaangukia chini. Gari likasimama, ncha ya ngazi ikiwa inaning'inia juu ya boneti, haijaligusa. Yule bwana hata hakunitukana. Alikaza kamba ya ngazi yake, akavuka.

Jioni nilichukua kalamu. Chukulia lami kavu, breki nzima, na dereva anayehitaji sekunde moja kushtuka. Kwa 50, gari linasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa 60 linahitaji karibu mita 37. Lakini hizo mita tisa sizo zilizonikosesha usingizi. Pale pale ambapo gari la 50 limeshasimama kabisa, gari la 60 bado linakwenda kama kilomita 40 kwa saa. Ile "kumi tu" ninayojiongezea inamfikia mtu mwilini ikiwa 40. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Kwa hiyo, je, kusimamia mwendo kunaokoa watu? Ndiyo, ila inategemea kunasimamiwa vipi. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Mwaka 2010 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti, walikusanya tafiti nyingi za kamera, na karibu na kamera ajali za kuua na kujeruhi vibaya zilikuwa zimepungua kwa kati ya asilimia 11 na 44. Mwenye shaka atasema kamera hufungwa mahali palipokuwa na ajali nyingi mno, na sehemu ya ajali hizo ingepungua yenyewe hata pasingefungwa kitu. Ana hoja. Lakini haitoshi kuifuta picha yote.

Tatizo kubwa zaidi nilikuwa mimi. Wataalamu wanamfananisha dereva wa aina yangu na kangaruu: anatua kwenye kamera, anaruka akishaipita. Kamera iliyosimama mahali pamoja inalinda mita mia kadhaa, na kilomita inayofuata inabaki ya ngazi na baiskeli. Ndiyo maana nazikubali zaidi kamera za wastani, ambazo Italia ilianza kuzitumia kwenye barabara zake kuu za kulipia mwaka 2005. Zinasoma namba ya gari lako mwanzo wa kipande na mwisho wake, kisha zinagawanya umbali kwa muda. Hapo kushika breki dakika ya mwisho hakukusaidii kitu.

Askari anayejificha kichakani mwisho wa mteremko, mahali kibao kinapotoka 80 kwenda 50 ghafla, bado ananiudhi, na sitajifanya mtakatifu. Huo ni mtego. Na barabara pana iliyonyooka kama rula haiwi ya 50 kwa kupigiliwa kibao tu. Itie matuta, ibane, weka vivuko vilivyoinuliwa, watu watapunguza bila askari.

Ushauri wangu ni huu: ipime njia yako. Yangu ina kilomita 30. Tofauti ya 80 na 100, hata kama husimami popote, ni dakika nne na nusu. Mimi sikuwahi kuzipata zote, maana taa nyekundu hazina haraka na mtu. Siku hizi natoka nyumbani dakika kumi mapema, na gari nimeliwekea kengele ya kunionya nikizidisha. Wiki ya kwanza ilinikera sana. Sasa inalia mara chache.

Kuwamulikia wenzangu nimeacha. Wao wanaendelea kunimulikia, nami nawajibu kwa taa, kwa adabu tu. Mguu unabaki ulipokuwa.